Ndevu za Miti na Mate ya Ramadhani

Mwalimu wa sayansi wa mjukuu wangu ameniomba niwaandikie ninyi wanafunzi wake kitu kuhusu kazi niliyoifanya. Nimekubali kwa kuwa nimechoka kukataa. Macho yananisumbua, mgongo umekwisha, na kwa siku naandika ukurasa mmoja kisha nakwenda kujinyoosha. Kwa hiyo msinidai mpangilio. Nitasema linalokuja, na lile linalonikaa rohoni mtalijua, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni Hemedi, mzaliwa wa Tongoni. Nilifanya kazi maabara hapa Tanga tangu nina miaka ishirini na mbili mpaka nilipostaafu. Watu wakisikia maabara wanadhani nilikuwa daktari. Nilianza kwa kuosha chupa. Na kama kuna mmoja wenu atakayeingia kazi hii, ajue kwamba kuosha chupa ndiyo kazi yenyewe, hayo mengine ni nyongeza. Jaza maji, mwaga, tazama ndani. Maji yakiteremka kama shuka moja, chupa ni safi. Yakibaki matone matone, kuna mafuta, rudi kwenye sabuni. Nilirudi kwenye sabuni miezi minane mfululizo, mpaka ngozi ya vidole ikaanza kumenyuka.

Maabara yenyewe ilikuwa mtaa wa Usagara, nyumba ya vyumba vitatu na baraza, bati juu, joto la kuoka mkate. Tulikuwa watu watatu. Bosi alikuwa Mzungu mmoja mrefu, mtaalamu wa kemia, ambaye sisi tulimwita Bwana Subiri, maana neno hilo hakulikosa mdomoni. Ukimuuliza mshahara, subiri. Ukimwambia nyumba inaungua, nadhani angesema subiri. Wa pili alikuwa Yohana, Mshambaa wa Vuga, mtu wa makamo, Mlutheri aliyesoma somo kanisani kila Jumapili na ambaye hakuwahi kuonja hata togwa iliyochacha. Wa tatu ni mimi.

Kazi ya Bwana Subiri ilikuwa ndevu za miti. Ukipanda Usambara, kwenye baridi, utaziona zinaning'inia matawini, kijivu kama ndevu za mzee asiyechana. Si majani wala si mizizi. Ni ukungu na mwani vilivyooana, vinaishi nyumba moja na kulishana. Huku pwani tunayo ya kwetu, marere, ambayo wazee waliyakusanya yakauzwe kutengenezea rangi. Lakini Bwana hakutaka rangi. Alikuwa ameona mbuzi wa mlimani wakizila hizo ndevu wakati wa kiangazi na hawafi, akataka kujua ndani yake kuna chakula gani, na tumbo lipi linaweza kukiyeyusha.

Chakula kilikuwemo. Tulizichemsha ndevu, tukachuja, na humo mkatoka vitu viwili vinavyofanana na wanga wa muhogo lakini siyo wenyewe. Kimoja huyeyuka hata kwenye maji baridi, na ukikitonea iodini, ile dawa ya kahawia ya kupaka kidondani, kinageuka buluu. Sisi tulikiita wanga wa buluu. Cha pili huyeyuka kwenye maji moto tu, na kikipoa kinaganda, ukiinamisha kichupa hakimwagiki. Iodini haikibadilishi rangi. Hicho tulikiita wanga wa kuganda. Shikeni hivyo viwili, maana kila kitu kinafuata hapo.

Sasa, kuna vitu tumboni mwa kila mnyama vinavyokatakata chakula. Ninyi leo mnaviita vimeng'enya, na mnavyo hata kwenye mate. Tafuna kipande cha muhogo mkavu bila kukimeza, baada ya muda utasikia utamu. Ni mate yanakata wanga kuwa sukari. Mate hayo hayo hukata ule wanga wa buluu wa ndevu, na buluu inapotea. Lakini wanga wa kuganda hayauwezi hata kidogo. Unaweza kuutemea mate mwezi mzima na utabaki umeganda. Anayeuweza ni konokono.

Naam, konokono, hawa hawa wakubwa wa kwetu. Tumbo lake lina maji ya rangi ya kahawia yanayoyeyusha vyote viwili, wa buluu na wa kuganda. Kazi ya kuwakusanya ilikuwa yangu, kwa kuwa Tongoni wakati wa masika wamejaa pale kwenye magofu ya kale kama wamealikwa. Nilikuwa nikiingia mjini na kapu lao kwenye baiskeli, na wenzangu wa kijijini hawakuniacha. "Hemedi, leo kitoweo gani?" "Hemedi, mkeo anajua unachokilea?" Tulikuwa tukiwanyima chakula siku mbili ili maji yao yakusanyike vizuri. Nilipenda kuwaambia watu kwamba mimi nafunga mwezi mmoja tu, konokono wangu wanafunga mwaka mzima.

Yohana ndiye aliyenifundisha kila kitu, na zaidi ya yote alinifundisha kuvuta mrija. Mnajua mrija wa kioo wenye alama, wa kupimia maji kidogo. Zamani hizo tuliuvuta kwa mdomo. Unaweka pamba kidogo juu, unavuta taratibu mpaka kwenye alama, unaziba kwa kidole, unaachia kwenye kichupa, kisha tone la mwisho unalipuliza. "Usivute kama mvuta buruma ya tumbaku," aliniambia. "Vuta kama unaonja uji wa moto. Na kabla hujaweka mdomo, meza mate. Meza mate, Hemedi. Mate yakishuka na pumzi ukipuliza, kazi yote imeharibika, na huwezi kuyaona." Alirudia neno hilo mpaka nikawa naliota.

Kulikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi. Kila kazi iliandikwa humo, na chini ya ukurasa aliyeisimamia alitia sahihi kwamba ameiona na ni kweli. Miaka yote sahihi hiyo ilikuwa ya Mzungu. Yohana alifanya kazi hapo miaka tisa kabla Bwana Subiri hajamwambia, "Kuanzia leo utatia sahihi wewe." Katika sehemu zote nilizozijua miaka ile, sikusikia Mwafrika mwingine aliyeaminiwa hivyo. Yohana hakujisifu. Lakini siku ile aliniomba nimwazime wembe, akachonga penseli mpya kwa makini mno, akafanya zoezi la jina lake kwenye karatasi ya kufungia sabuni. Nilimwona, na nikajifanya sikumwona.

Basi Ramadhani ya mwaka ule iliingia katikati ya masika. Hapa lazima niwaeleze jambo la kwetu. Bibi yangu aliyenilea Tongoni alinifundisha kwamba aliyefunga hamezi mate. "Ukimeza, funga yako imekwenda, umebaki na njaa tu." Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alikwisha kunieleza kwamba mtu kumeza mate yake mwenyewe hakufunguzi, na alinionyesha kitabuni. Lakini bibi alikuwa bibi. Mwezi mzima nilitembea na kopo lenye mchanga, nikitema, kama walivyofanya wengi wa kwetu, na mdomo wangu ulikuwa umejaa wakati wote.

Yohana alilijua hilo. Hakunicheka. Alisema, "Mdogo wangu, mwezi huu mrija ni wangu, konokono ni wako. Ukimaliza mfungo tutarudi kama kawaida." Tukafanya hivyo, na mambo yakaenda sawa, mpaka siku ambayo Bwana Subiri alikwenda Pangani kwa shughuli zake.

Alimwachia Yohana agizo la maandishi: vichupa ishirini na vinne, nusu ya wanga wa buluu, nusu ya wanga wa kuganda. Katika kila nusu, sita vitiwe maji ya konokono na sita vitiwe maji matupu, vya kulinganishia. Hivyo vya maji matupu havitakiwi kubadilika kamwe. Vikibadilika, hakuna unachoweza kukisema juu ya konokono. Nilikwisha kukamua maji ya konokono asubuhi na kuyaweka kwenye barafu. Saa tano akaja mtu mbio kutoka hospitali: mke wa Yohana ameshikwa na uchungu kabla ya wakati na hali si nzuri.

Yohana alivua koti la kazi. "Funika barafu kwa gunia," aliniambia. "Nitarudi kesho alfajiri nifanye mwenyewe. Usiguse mrija." Akaondoka mbio, bila ruhusa ya mtu, kwa kuwa wa kumpa ruhusa hakuwepo.

Barafu haikungoja alfajiri. Ilipofika saa nane ilikuwa maji, na nikajua yale maji ya konokono yataharibika kwa lile joto, na kazi ya siku mbili itapotea. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya pili ni kwamba nilitaka Yohana aje akute imekwisha, aseme nimekuwa fundi. Nilitema kwenye kopo, nikafuta midomo, nikachukua mrija. Nilitema na kufuta kila mara, wallahi. Lakini mtu mwenye mdomo uliojaa tangu alfajiri hawezi kuukausha kwa kufuta. Kufikia kichupa cha kumi pamba ya juu ilikuwa imelowa. Niliiona, na sikuibadilisha, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na nina kiu.

Alfajiri Yohana akaja. Mkewe alikuwa hai, mtoto wa kike alikuwa hai, naye macho yake mekundu kwa kukesha. Akaviona vichupa vimepangwa safu.

"Umefanya wewe?"

"Barafu iliisha, Mzee Yohana. Nikaona yataharibika."

Alinitazama. "Ulimeza mate?"

"Nilimeza," nikasema.

Hapo ndipo. Kila nikikumbuka maisha yangu, na nimefanya mabaya mengine, narudi hapo. Yohana alichukua penseli akatia sahihi. Hakuwa ameiona kazi kwa macho yake, na alilijua hilo, lakini agizo lilikuwa na jina lake, na alitia sahihi kwa kuliamini neno langu.

Bwana Subiri alirudi saa nne. Akatonea iodini vichupa vya buluu vya konokono: buluu hakuna, vizuri. Akatonea vile sita vya maji matupu. Vinne vilikuwa kama maji ya mvua. Buluu imekwisha kufutwa. Uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni. Alikwisha kuandika barua kwao Ulaya kuwaahidi matokeo. Vile vya kuganda hakuvigusa hata kidogo.

"Umetia maji ya konokono kwenye vyote," alimwambia Yohana.

"Hapana, Bwana. Maji ya konokono hayakuingia humu."

"Basi jana ulikuwa umelewa. Nimesikia uliondoka kazini mchana."

"Sijalewa maisha yangu yote, Bwana."

Nilikuwa nimesimama na beseni la chupa mkononi, hatua tatu kutoka kwao. Lilihitajika neno moja tu kutoka kwangu. Yohana alinigeukia mara moja, akaniangalia, kisha akatazama chini. Sikusema. Bwana Subiri akachukua daftari, akapiga mstari juu ya sahihi ile, akasema Yohana hatatia sahihi tena. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akanisukumia daftari mimi.

Nililipokea. Ninyi vijana mnapenda kusema "ningekuwa mimi ningefanya vile." Sijui. Mimi nilikuwa na mke mchanga, nilikuwa na woga, na sitaki kuwadanganya, nilikuwa na furaha kidogo pia. Kwa muda wote wa Ramadhani uliobaki nilitia jina langu chini ya kazi ya Yohana. Yeye alivuta mrija, alipima, alisoma, kisha alisogea pembeni ili nipate nafasi ya kuandika. Siku moja niliandika tarakimu vibaya, akanyoosha kidole tu pale penye kosa.

Siku ya Idi alikuja kwetu Tongoni na baiskeli yake, na furushi la sukari kama mgeni mwenye adabu. Alimwamkia bibi shikamoo, akaketi ukumbini, tukaletewa sinia ya pilau. Nilikula tonge mbili.

"Mzee Yohana," nikasema, "yalikuwa mate yangu."

Aliendelea kutafuna. "Najua."

"Umejua lini?"

"Siku ile ile. Mlipoondoka niliinamisha vile vichupa vya kuganda, vile sita vya maji matupu. Vyote vilikuwa vimeganda. Yangekuwa maji ya konokono, vingeyeyuka. Kinachofuta buluu na kuacha kinachoganda ni mate, na mimi nilikuwa hospitali."

"Kwa nini hukumwambia?"

Alinawa mkono kwanza. "Ningesema, angekufukuza siku ile ile. Kisha angesema watu wanaofunga hawafai maabara, na asingeajiri tena mtu wa kwenu. Na mimi pia nilitia sahihi kitu nisichokiona. Nikaona nikusubiri wewe." Akapangusa mkono. "Nimesubiri sana, Hemedi."

Bibi yangu, aliyekuwa amekaa mlangoni akisikia yote, alijifunika ushungi usoni. Alikufa miaka miwili baadaye na hakuwahi kunitajia habari ile. Lakini Ramadhani iliyofuata nilimwona anameza mate.

Siku ya kurudi kazini nilimwambia Bwana Subiri kila kitu. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Alisema, "Subiri," akaleta vichupa, akataka kuona. Nikatema mate kwenye vichupa viwili, cha buluu na cha kuganda. Viwili vingine tukatia maji ya konokono. Tulikaa hapo tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, sisi watatu. Kwa mate, buluu ikapotea, cha kuganda kikasimama imara. Kwa konokono, buluu ikapotea na cha kuganda kikayeyuka kikawa maji. Bwana Subiri alifurahi kama aliyeokota lulu. Aliandika ukurasa mzima. Alitaka kujua nilikula nini, nilitema mara ngapi. Mimi ndiye niliyelazimika kumkumbusha.

"Na Mzee Yohana, Bwana?"

"Ah, ndiyo," akasema, akampa Yohana daftari na kalamu yake mwenyewe ya wino. "Tia sahihi."

Yohana hakuipokea. Alisema kwa upole, kama anavyosoma somo la kanisani: "Bwana, nilikuambia sikulewa na maji ya konokono hayakuingia. Miaka tisa hujanikuta na uongo, na hukuniamini. Leo umeyaamini mate. Nitamaliza mwezi, kisha nitakwenda nyumbani."

Bwana Subiri alimwambia asubiri, afikiri. Yohana alimaliza mwezi, akapakia mke na mtoto kwenye basi, akarudi Vuga kulima. Sahihi ikabaki kwangu. Nilitia sahihi hiyo chini ya Bwana Subiri, na chini ya waliomfuata, hata bendera ilipobadilika, mpaka nikastaafu. Kuna rafu nzima ya madaftari yenye jina langu, na watu wakiniona mtaani husema yule mzee alikuwa mwaminifu sana kazini. Nimechoka kulisikia.

Miaka mingi baadaye vikaja vipira vya kuvutia mrija. Mnavijua ninyi, hamjapata hata siku moja kuweka mrija mdomoni. Unabinya, unaachia, maji yanapanda, mdomo wako uko mbali unaongea habari zako. Kiliponifikia cha kwanza nilikaa chini nacho mkononi, mtu mzima mimi, nikalia. Vijana wa maabara walidhani nimefurahi kupata kifaa kipya.

Nikanunua kimoja kwa mshahara wangu, nikapanda basi mpaka Vuga. Nilimkuta Yohana shambani, amezeeka, amekonda, jembe begani. Binti yake, yule wa siku ile, alituletea viti, tukaketi, nikamwonyesha kinavyofanya kazi kwa mrija na kikombe cha maji. Alikijaribu mwenyewe mara tatu, akitabasamu. Mkono wake bado ulikuwa wa fundi, alisimamisha maji kwenye alama bila kutikisika.

"Kizuri," akasema. "Kingekuwepo siku ile, mate yasingeingia."

"Ndiyo, Mzee Yohana. Ndiyo maana nimekuletea."

Akakigeuza-geuza mkononi, kisha akanirudishia. Hakuwa na hasira, nadhani alikuwa amechoka tu, kama nilivyochoka mimi leo. "Lakini mimi mate nilikwisha kuyasamehe siku ile ile, mdogo wangu," akasema. "Alfajiri ile nilikuuliza kama ulimeza, ukanijibu. Kwa hilo umeniletea nini?"

Nikakirudisha kipira mfukoni. Nilikunywa chai yao, nikaaga, nikashuka na basi la saa nane.